Kartoni Haikumufunika Bulonza

Kila kitu kiliharibika siku ya posho, ndiyo Jumamosi, tarehe tisa mwezi wa tatu, mwaka wa 1974, saa nane ya muchana. Tulikuwa tumetoka tu kwenye salongo, kazi ya bure ya lazima, udongo ungali kwenye viatu. Nilikuwa nimesimama kando ya mashini ya sinema pale Kadutu, mutaa wa Bukavu, kartoni mukononi, wakati bibi yangu wa ndoa aliyekufa alitokea mbele ya watu wote na kuanza kufungua fundo la kikwembe chake.

Mwenye anaingia leo tu katika mambo yangu, nimupe kiti akae. Miye ni Anaclet. Bibi yangu Bulonza alikufa mwezi wa kumi na mbili, kwa homa ambayo ingetibiwa, kwa sababu motokari ya wagonjwa ilikuwa imebeba wachezaji wa animation, zile ngoma za kusifu chama, kuwapeleka Kamanyola wakamuchezee mukubwa moja. Alipokufa, wakubwa walikuja kwenye kilio, wakakaa viti vya mbele, wakakula kwanza. Hayo niliyasema juma lililopita.

Nilifikiri wamemaliza kuninyang'anya. Kumbe walikuwa wamebakisha.

Watu nitawataja kwa majina yao ya ubatizo. Wakati ule majina hayo yalikatazwa, na miye nimechoka kukatazwa.

Sasa sikieni kazi yangu, bila hiyo hamutaelewa.

Ukumbi ule ulikuwa wa mapadri. Padri Léopold, Mubelgiji mwenye ndevu, alikuwa anatazama filme kwanza yeye peke yake. Anaona pale mwanaume na mwanamuke wanabusiana, anaweka ndani ya kichwa. Siku ya kuonyesha watu, anakaa karibu yangu na kengele ndogo ya misa. Akiigonga, naweka kartoni mbele ya jicho la mashini. Giza.

Hapo Kadutu inaanza kulia.

"Papa Kartoni, toa!"

"Papa Kartoni, siye tuko na bibi ku nyumba, tunajua iko nini pale!"

Padri anagonga tena, natoa. Muzungu na bibi yake wamekwisha kuvaa, wanakunywa kahawa.

Njo vile nilipata jina. Watoto wa Kadutu hawakujua kama niko na lingine.

Halafu chama kikachukua ukumbi, padri akarudi kwao. Akaja Cyprien, citoyen direkteri kwa kusema kwa chama, koti yake ya abacost imepigwa pasi hata pale ambapo nguo haina haja ya pasi. Alinibakisha.

"Mashini na kartoni, vyote vyako," aliniambia. "Lakini kengele, sasa ni miye."

Kengele yake ilikuwa kukohoa. Akikohoa, nafunika. Siku wakubwa wakiwa ndani, kifua chake kinapona.

Siku ile ya posho alipanda juu ya kiti mbele ya watu. Viti vya mbele vilikuwa vimejaa wamama wa soko, na kati yao Martine, mudogo wa bibi yangu, anayeuza makala ya kupikia.

"Wanawake wa Kadutu!" alipaaza sauti. "Filme ya leo inatoka Ulaya. Ni ya miaka ya sitini, wakati wanawake wa kule walisimama wakasema mwili wao ni wao. Na chama chetu pia kinataka mwanamuke wa Zaïre ajifungue!"

Maman moja akajibu bila kusimama: "Citoyen, miye nimejifungua mara saba! Nimechoka!"

Ukumbi ukapasuka.

"Weye mwenyewe jifungue kidogo, tuone!" mwingine akasema.

"Nasema awe huru!" Cyprien alikuwa anatoka jasho. "Huru!"

"Basi useme huru, papa! Usituletee uchungu mara ya nane!"

Alishuka kwenye kiti. Nikazima taa, nikawasha mashini.

Filme ikaanza. Mwanamuke muzungu, nywele fupi kama za mwanaume, anagombana na bwana yake ndani ya nyumba ya mbao. Anamuambia hatamufuata tena nyuma kama mbwa. Wamama wakaitika: "Njo vile!" Akatoka, akateremuka kando ya ziwa.

Nilitazama lile ziwa. Nikasema ndani ya moyo: majiwe haya mbona nayajua?

Ilikuwa ni kwetu. Nyuma kabisa, Idjwi, kisiwa chetu, ilikuwa imelala chini ya mawingu yake.

Kando ya maji kulikuwa na mwanamuke mweusi, ametupa mugongo. Alikuwa anafula nguo kwa sabuni. Muzungu akamukaribia, akamuuliza kitu kwa Kifaransa. Yule wetu akasimama. Akageuza uso pembeni, kama mwenye kusema na mutu ambaye siye hatumuoni. Kinywa chake kikatembea, na ndani ya kinywa kile ikatoka sauti ya mwanamuke wa Ulaya, Kifaransa laini kama siagi. Halafu mukono wake ukapanda kwenye fundo la kikwembe.

Cyprien hakukohoa. Lakini mukono wangu umezeeka katika kazi ya kanisa. Uliruka wenyewe, ukafunika.

Watu wakapiga kelele. Na miye, kama siku zote, nilikuwa natazama kartoni yangu. Mwanga wote ulikuwa umeanguka pale, ukitikisika. Yule mwanamuke alikuwa mukononi mwangu, bila sura, bila mikono, moto mutupu.

Ndipo sauti moja ikapanda toka mbele:

"Lakini ni Bulonza! Nyamuzinda, Mungu wangu, ni Bulonza ya Papa Kartoni!"

Mukono ulianguka.

Alikuwa yeye. Kwenye bega la kushoto kulikuwa lile kovu la mafuta ya moto. Kovu lile nililipaka asali mwaka tulipooana. Hakuna Bulonza mwingine mwenye kovu lile. Alikuwa ameacha kikwembe juu ya jiwe, anaingia ndani ya maji polepole, na hakujificha na mikono. Hata mukono moja!

Yule muzungu akamutazama, akavula zake, akamufuata. Wakacheka wote wawili ndani ya maji.

Nilingoja matusi. Nilingoja watu wageuke wanitemee mate.

Maman moja akapiga vigelegele. Wa pili akamufuata. Halafu wote.

Bulonza alitoka ndani ya maji. Yule bwana muzungu alikuwa amefika, akamunyooshea kikwembe ili amusaidie kuvaa. Bulonza akakichukua kwenye mikono yake, akajifunga mwenyewe, fundo juu ya bega la kushoto, akapita mbele yake bila kumutazama. Akaenda zake. Filme iliendelea, lakini wamama wa Kadutu walikuwa wamesimama, wanapiga mikono, wanamuita kwa jina kama vile angeweza kugeuka.

Miye nilizima mashini.

Cyprien alinikuta nyuma ya pazia, napiga ngumi ukuta.

"Papa Kartoni, mbona umekata? Watu wako wanafurahi!"

"Citoyen direkteri, ile ni nini?"

"Ile ni sanaa."

"Ile ni bibi yangu! Ana miezi mitatu ndani ya udongo, na muko munamuvula nguo!"

Hakushituka. Njo hapo nilijua kwamba alikuwa anajua.

"Anaclet," alisema, na hilo jina lilikuwa halijatoka kinywani mwake tangu jina likatazwe. "Nilitaka kukushangaza. Kesho, siku ya yenga, Commissaire wa jimbo anakuja na madamu yake. Nimemuambia kwamba mwanamuke wa Bukavu aliwafundisha Wazungu uhuru. Utakaa mbele. Watakupigia mikono, weye bwana ya artisti!"

"Nani alimupeleka pale?"

"Tulikuwa watatu siku ile, na moja ni marehemu. Weye hukumbuki mvua?"

Nilikumbuka mvua.

Ilikuwa mwaka wa 1966. Vita vya waasi vilikuwa vimetupita, njaa ilikuwa imebaki. Cyprien hakuwa bado direkteri. Alikuwa mukalimani wa Wazungu waliokuja na mashini zao za kuchukua filme kando ya ziwa, nasi tulijua tu kwamba wanakula nyama kila siku. Alikuja kwangu wakati mvua inapiga manjanja, mabati ya paa, kama mawe. Alisimama mulangoni. Bulonza alikuwa karibu naye, anachagua maharagi kwenye sahani. Miye nilikuwa kule ndani kitandani, na mugongo unaniuma.

Tulisemezana kwa kupaaza sauti, mvua katikati. Nitawaandikia vile nilivyosikia.

"Anaclet! Wazungu wa filme wanatafuta mwanamuke wa kufula nguo!"

"Bulonza iko! Afule tu!"

"Ku ziwa!"

"Njo pa kufulia!"

"Nguo zote, Anaclet! Hawataki nusu!"

"Nguo ni nguo! Hata zote!"

"Na Wazungu watakuwa pale, wanatazama!"

"Watazame vizuri! Asije akasingiziwa kwamba ameiba!"

Hapo Cyprien alipangusa maji usoni.

"Haya haitakushika?"

"Haya ya nini? Mama yangu mwenyewe alifula ku Wazungu mpaka akazeeka!"

Alinitazama kwa heshima ambayo sikuielewa. Akatoa kofia. Mutu kutoa kofia juu ya sabuni! Nilipaswa kujua siku ile ile.

Mvua ilipopungua, Bulonza aliniuliza kitu kimoja tu. "Anaclet, ulichosema umekisema kweli?"

"Nimesema. Enda."

Akaenda. Alirudi jioni na nywele mbichi kwa maji, na kuku. Alipika yule kuku, akanipa mapaja yote mawili, akaninawisha miguu. Akasema: "Aksanti, Anaclet. Wanaume wengine wangenifunga."

"Aksanti ya nini?" nilisema, kinywa kimejaa. "Nguo tu."

Alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, mpaka machozi yakashuka. Nilifikiri ni furaha ya nyama.

Sasa nilikuwa nyuma ya pazia, na Cyprien mbele yangu.

"Miye nilisikia kufula," nilimuambia.

"Nini?"

"Kufula! Na sabuni! Weye ulisema kufula!"

Alinitazama. Halafu akaanza kucheka, akakohoa, akashika pazia asianguke. Mukono wangu ukaanza kutafuta kartoni wenyewe.

"Kuvula!" alisema akipata pumzi. "Nilisema kuvula, kutoa nguo! Nani anatafuta mufulaji kwa mashini tatu na taa? Weye ulisema hata mama yako alivula ku Wazungu mpaka akazeeka! Nilikwenda kuwaambia Wazungu: kule mulimani kuna ukoo usio na haya hata kidogo!"

"Ulisema kwa makusudi ndani ya mvua."

"Miye njo nilileta mvua?"

"Sema tena. Sema vile ulisema."

Alisema. Nilitazama kinywa chake. Meno ya juu yakashika mudomo wa chini, akasema kuvula. Nikamuambia aseme kufula. Meno yakashika mudomo pale pale. Sura moja.

"Na yeye?" niliuliza. "Bulonza alisikia nini?"

Cyprien alipangusa macho.

"Yeye alikuja anatetemeka. Alisema: bwana yangu ameamuru, nitafanya nini? Kabla ya kuvula alilia kidogo. Basi, Anaclet, mwenye alimuvula si miye, si Wazungu. Kesho uvae vizuri."

Akaenda. Wakubwa njo vile. Wanaweka moto ndani ya nyumba yako, halafu wanakuonyesha kiberiti kwamba ni chako.

Usiku ule sitauelezea.

Asubuhi ya yenga, misa ilipokwisha, nilipanda kutafuta Martine. Njiani nilikutana na jambo ambalo liliniuma kuliko sinema. Wanawake walikuwa wanatoka kanisani na vikwembe vyao, na kila wa tatu alikuwa amefunga fundo juu ya bega la kushoto. Vijana na wazee. Hata Clémence, bibi ya katekista, mwenye kuimba na macho yamefungwa, na yeye bega la kushoto.

Niliuliza mama moja: "Hiyo mufungo ni ya nini?"

"Ni Bulonza, papa." Halafu akanitambua, akafunika kinywa, akakimbia akicheka.

Martine alikuwa mbele ya nyumba yake, anasugua makala kwenye vidole. Fundo lake pia lilikuwa kushoto.

"Shemeki, kaa."

"Sikai. Cyprien anasema nilimutuma. Anasema alikwenda kwa amri yangu, na alilia."

"Bulonza kulia?" Martine alitema mate pembeni. "Ule mwanaume anasema uongo hata akisalimia. Dada yangu alisikia vizuri, shemeki. Alikuwa karibu na mulango, weye ulikuwa kule chini ya manjanja. Alisikia kuvula. Akajua pia kwamba weye umesikia kufula."

Nilikaa.

"Yeye mwenyewe alikuambia?"

"Ndani ya juma lile lile. Alisema: Martine, Anaclet amesikia vingine, na nimemuacha asikie vingine. Tulicheka mpaka mama akatufukuza jikoni."

"Mulinicheka."

"Tulicheka mvua."

"Kwa nini alikwenda? Kwa nyama?"

Martine aliacha kusugua vidole.

"Nyama ilikuwa nzuri. Lakini alikwenda kwa sababu alitaka. Weye uliishi na yeye miaka yote, mara ngapi alikuambia nataka? Anasema chumvi imekwisha, anasema mutoto wa jirani iko mugonjwa, anasema manjanja inavuja. Nataka haisemi. Siku ile ruhusa ilianguka toka juu ya paa, akaikamata. Aliniambia: niliingia ndani ya maji, na hakuna mutu aliniomba kitu. Hakuna mutu, Martine. Hata Mungu."

"Ni uongo. Muko munatengeneza uongo ili murembe fundo zenu."

"Sawa, ni uongo. Basi muulize yeye."

"Amekufa!"

"Lakini anasema. Hukuona? Kabla ya kuvula, anageuka. Pale Cyprien alikuwa amesimama, kando ya mashini. Alisemesha Cyprien, kwa Kiswahili yetu. Ile Kifaransa waliipaka juu, kule Ulaya. Aliniambia: nimetaja jina la bwana yangu mbele ya Wazungu."

"Alisema nini?"

"Kila mara anafika pale, kicheko kinamukamata. Hakumaliza hata siku moja." Alinitazama. "Weye njo mwenye mashini, shemeki. Tazama kinywa."

Nilishuka mulima na mambo mawili kichwani, na yote mawili ni kisu.

Kama alisema nivule, basi Cyprien anasema kweli. Bibi yangu aliamini kwamba nilimutuma, na miaka yote alilala kando ya mwanaume aliyemuuza kwa kuku. Kama alisema nifule, basi Martine anasema kweli. Alijua nilivyosikia, alimuchekesha Cyprien juu yangu, na miye nilikula mapaja mawili ya kuku wa kichekesho.

Moja inanifanya mubaya. Nyingine inanifanya mujinga. Na mwenye kuniambia niko yupi ni yule aliye kwenye filme tu.

Lakini nilikuwa nimeapa kitu kingine, mbele ya kaburi lake, asubuhi ileile kabla ya misa. Niliapa kwamba wakubwa walikula kilio changu, macho yao hayatamukula yeye. Commissaire atakapokaa, mwanamuke atakaposimama kando ya maji, nitaweka kartoni, na nitaishika mpaka wanivunje mukono.

Sasa oneni vile nilivyofungwa. Nikifunika, sitaona kinywa. Nikitaka kuona kinywa, Bukavu yote itamuona yeye.

Saa tisa ya muchana Commissaire aliingia na madamu yake, na wakubwa wengine nyuma, harufu ya manukato ikafika mpaka ku mashini. Wamama wa Kadutu walisukumwa viti vya nyuma. Cyprien alinitafutia kiti cha mbele. Nikamuambia: "Miye ni wa mashini." Alinigonga bega, akasema mbele ya watu: "Artisti ametuacha, lakini bwana yake iko hapa, mwanaume wa kisasa!"

Mwanaume wa kisasa. Wakapiga mikono. Nilizima taa.

Muzungu aligombana na bwana yake. Muzungu alitoka. Ziwa likatokea, Idjwi ikatokea.

Kartoni ilikuwa mukononi.

Bulonza akasimama. Akageuka pembeni. Nilimuona vizuri sasa: alikuwa mudogo, shavu limejaa, sabuni kwenye kiwiko. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa na meno mazuri vile.

Mukono ulianza kupanda. Niliukamata na mukono mwingine.

Kinywa kilifunguka: A. Ulimi: Na. Ilikuwa jina langu. Anacleti. Midomo ikakutana na kuachana: amesema. Halafu ni. Halafu meno ya juu yakashika mudomo wa chini.

Halafu ule. Halafu zote.

Anacleti amesema ni-nini zote? Ilikuwa imepita. Kikwembe kilikuwa kimeanguka juu ya jiwe, wakubwa wameinama mbele kwenye viti.

Ile mashini ina kifungo cha kurudisha nyuma. Padri Léopold alikuwa anakitumia kwa filme za watakatifu.

Nilikibonyeza.

Bulonza alitoka ndani ya maji kwa mugongo, kikwembe kikaruka toka kwenye jiwe kikamuvalisha, akageuka, akameza maneno yake. Nikaachia. Akasema tena. Anacleti amesema. Meno. Mudomo. Zote. Kikwembe kikaanguka.

"Bravo!" Commissaire alipiga mikono. "Huyu fundi anajua kazi! Encore!"

Wakubwa wakacheka, wakapiga miguu chini. Madamu yake alikuwa anatazama magoti. Cyprien aligeuka nyuma, akanitolea kidole gumba. Hakukohoa.

Nilirudisha tena. Niliachia tena. Nilikuwa nimekaribia mpaka mwanga unanichoma shavu. Sauti ya Kifaransa ilikuwa inanisumbua, nikaizima. Ukumbi ukabaki na kelele ya mashini tu, na bibi yangu anasema bila sauti, anavula, anavaa kwa nyuma, anasema, anavula.

Toka nyuma sauti ikaanza. Nilifikiri ni vigelegele. Haikuwa vigelegele.

"Funika!"

Ni Martine.

"Papa Kartoni, funika!"

Wamama wote walikuwa wamesimama. Miaka yote Kadutu ililia nitoe, na siku ile kwa mara ya kwanza ililia niweke.

"Funika, shemeki! Jana alivula mwenyewe! Leo ni weye unamuvula!"

Nilimusikia. Mbele ya Mungu, nilimusikia, bila mvua. Kartoni ilikuwa pale pale mukononi, na wanawake walikuwa wanatoka moja moja, fundo juu ya bega la kushoto, mulango unafunguka na jua linaingia juu ya filme na kumufanya Bulonza mweupe.

Nikabonyeza tena.

Alirudi. Aligeuka. Alimutazama Cyprien pale asipoonekana, na macho yake yaliangaza. Machozi ao kicheko, nayo sijui. A. Na. Cleti. Amesema. Meno ya juu yakashuka juu ya mudomo wa chini, polepole, kama mutu anayeuma tunda.

Nyinyi mulioketi viti vya mbele, mulioona karibu kuliko miye, na hamukuondoa macho: pale, meno yalipogusa mudomo, bibi yangu alisema nifule, ao nivule?